Kibuyu Kilirudi kwa Wakati

Jamani, leo nusura nilale kambini kwa sababu ya kibuyu!

Nilitoa darasa nje tusome habari ya kitu kinachobembea. Nikajaza mchanga kibuyu kikuukuu cha maziwa, nikakifunga kamba mtini. Kila kikienda na kurudi, watoto wanahesabu kwa sauti.

Sasa hapa Isiolo, siku hizi za vita na shifta, wale waasi wa mpakani, watu wakipiga kelele pamoja chini ya mti, askari huja.

Sajini akaja. "Mwalimu, unafundisha hawa kwata, gwaride la shifta?"

"Hapana, afande. Ukisukuma pole ama kwa nguvu, muda wa kwenda na kurudi ni uleule. Ukitaka kirudi mara nyingi zaidi kwa dakika, fupisha kamba."

"Uongo! Nikisukuma na nguvu kitakuja mbio. Nikikupata na uongo, twende kambini."

Akatoa saa, akakisukuma polepole, akapima mara ya kwanza.

Mara ya pili nikajifanya mjuzi. Nikashika kibuyu mbele ya tumbo langu (mnalijua hilo tumbo) nikampa akishike, nikamwambia, "Kiachilie tu, afande. Kikirudi hakiwezi kupita hapa."

Lakini sajini hakukiachilia. Alikisukuma, tena na nguvu zote za serikali.

Muda nilikuwa nimeupiga hesabu. Umbali nikausahau.

Nikajikuta nimekaa chini, pumzi hakuna, na darasa zima likaitikia kwa furaha: "Mojaaa!"

Sajini akaangalia saa, akaniangalia mimi pale mavumbini.

"Kweli, Mwalimu. Kimefika kwa wakati."

Haya, chekeni. Yeye ameondoka akicheka, na mimi leo nalala kwangu.