Singo ya Shangazi Mwanamisi

Harufu ya singo huwapendeza watu wengi. Mimi hunitia kichefuchefu. Juzi nilipita katika duka moja la vipodozi pale Ukunda, nikaikuta imetiwa katika vichupa vya plastiki vyenye picha ya msichana ambaye tangu azaliwe hajaota hata kipele. Muuzaji akanifungulia kimoja ninuse: karafuu, mawaridi makavu, liwa, na manjano kwa mbali. "Yatoa chunusi zote hii, mama," akaniambia. Nilimtazama yule binti, nikamhurumia kidogo, nikatoka nje kabla sijamwambia neno la kumharibia siku.

Ninyi nitawaambia. Uso wangu huu ulichomwa kwa singo nilipokuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika kijiji kidogo kati ya Diani na Msambweni. Mama aliuza mbaazi na mahamri asubuhi, na baba alikuwa mlinzi wa jumba la watu kule Galu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Chunusi zilianza kwenye kipaji, mbili tatu, nikazipuuza. Zikashuka mashavuni, zikafika kidevuni, nyingine zenye usaha, nyingine ngumu za ndani kwa ndani zinazouma ukilala ubavu. Ngozi yangu nayo ilikuwa ya kudeka. Jua likiipiga yawasha, sabuni ya kufulia ikiigusa yababuka, na sabuni tuliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo ya kufulia.

Hapo kijiji kizima kikahitimu udaktari. Watu walioshindwa kutibu fangasi za miguu yao wenyewe walisimama mlangoni kwetu, wakanishika kidevu na kunigeuza huku na huku kwenye mwanga kama wanunuaji wa samaki. Mmoja alisema ni kwa sababu ya kula karanga. Mwingine alisema ni kijicho cha mtu. Hakuna aliyeulizwa.

Wa kwanza kuleta dawa alikuwa jirani yetu Mama Kelvin, mtu wa bara aliyefanya kazi ya kupanga vyumba hotelini. Sina neno na roho yake, ilikuwa nzuri. Akili yake ndiyo iliyokuwa likizoni. Alikuja na tyubu ya krimu iliyoandikwa lugha asiyoijua. "Jaribu hii, Mama Riziki," akamwambia mama. "Kuna mzungu aliiwacha kwa room. Hii ni ya majuu, si ya kucheza." Nilijipaka wiki nzima. Uso ukang'aa kama kikaango, na chunusi zikashukuru kwa kuongezeka. Kijana mmoja wa ufukweni, aliyejua Kijerumani cha kuuzia vinyago, alipoisoma ile tyubu alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa ya visigino vilivyopasuka. Mama Kelvin hakutahayari hata chembe, alisema ngozi ni ngozi.

Lakini huo ulikuwa mchezo. Balaa lenyewe lilitoka Bodo, limevaa buibui jipya: Shangazi Mwanamisi, dada mkubwa wa baba. Kazi yake ilikuwa kusinga mabibi arusi. Hakuna mwari pande zile aliyeingia nyumbani kwa mumewe bila kupita mikononi mwake, na kwa sababu aliwahi kuzisugua ngozi za watu, aliamini amezisoma na roho zao. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyesema hivyo hakuwa na shangazi.

Shikamoo yangu hakuiitikia. Alinitazama uso, akamgeukia mama.

"Haya si maradhi, wifi. Huyu yuataka mume. Damu yamchemka. Mwozeni, mtauona uso wateleza."

Mama aliendelea kuchambua mbaazi kwenye ungo. Nilimwona bwege.

Kumbe shangazi hakuja na maoni tu, alikuja na mchumba. Alikuwa mtu mzima wa Lunga Lunga, mwenye duka la nafaka, aliyefiwa na mkewe na asiyejua kujipikia chai. Jamaa zake wa kike wangekuja kuniona Ijumaa baada ya sala. Baba alipelekewa habari Galu, naye akajibu kwamba dada yake ndiye ajuaye. Mwaka uliokuwa ukija nilikuwa niingie darasa la nane, na nilikuwa wa pili darasani kwetu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa: ama dawati langu, ama magunia ya mahindi ya yule mzee. Na kilichokuwa kikiamua ni vipele.

Sasa, singo ni ya mwili. Kila mtu pwani ajua. Husingwa mikono, mgongo na miguu, ngozi nzima isiyo na mchubuko, mpaka taka zitoke kama vinyuzi. Uso wenye vidonda haupakwi karafuu, hata mtoto angekwambia. Lakini shangazi alikuwa hajawahi kukutana na jambo asilolijua. Alhamisi alasiri alinikalisha mkekani, akanibana kichwa katikati ya magoti yake, akaanza kunisugua mashavu kwa nguvu ile ile aliyotumia kwenye visigino vya watu. Niliposema inaniunguza alinipiga kofi la bega. "Vumilia! Mvumilivu hula mbivu." Za kwangu zilizokuwa mbivu alizipasua zote.

Asubuhi jicho la kushoto halikufunguka. Uso ulikuwa umeumuka kama hamri na kuchuruzika maji ya manjano. Shangazi alinikagua, akaridhika. "Ndiyo yatoka hayo," akasema. Kisha akanifunika leso kichwani, ya kunificha mpaka puani, akanikalisha pembeni ya chumba.

Wageni walikuwa wanawake watatu wenye manukato ya kutosha kufukuza mbu. Walikula mahamri ya mama mpaka sinia likabaki na makombo, ndipo wakakumbuka kilichowaleta. Mkubwa wao aliifunua leso kwa vidole viwili, akairudisha upesi.

"Ana nini huyu?"

"Joto," akajibu shangazi.

Yule mama akavuta pumzi, akajifariji mwenyewe. "Si neno. Akisha kuolewa yatamtoka."

Mama alikuwa amesimama na birika. Aliliweka chini polepole.

"Wifi," akamwambia shangazi, "mimi niliolewa nazo. Mulinisinga nyinyi, hivi hivi, mukaniambia mume ndiye dawa. Nilikuwa darasa la sita. Nikamzaa Riziki nazo, nikamzaa na nduguye nazo. Hiyo dawa yenu yaponya lini?"

Shangazi aliinamia sinia, akajitia kuokota makombo. Wageni wakazitafuta kandambili zao. Mama hakuwasindikiza. Alileta karai la maji ya mtungi, akanivua leso, akawa ananimwagia usoni kwa kiganja bila kusugua, mpaka harufu ya karafuu ikapungua. Jumatatu alinipeleka hospitali, tukapewa dawa nyeupe ya kupaka na kuambiwa nisitumbue. Tangu siku hiyo aliyenisogelea na kopo, tyubu au jani alikutana na mama mlangoni, na mama hakuwa bwege tena.

Mimi nilimwonea haya. Ndiyo, mimi, niliyeokolewa. Niliona ametuaibisha mbele ya wageni kwa kutaja vipele vyake. Vile vishimo vya mashavuni mwake nilidhani ni tetekuwanga ya zamani, na sikuona sababu ya kuvitangaza. Chunusi zangu hazikuisha mwaka ule wala uliofuata. Nilifanya mtihani wa darasa la nane nazo, nikaenda bweni nazo, na siku ya kuondoka mama alinishika mashavu yote mawili, vipele na yote, akanitazama, kisha akaniambia nikimbie nisije nikaachwa na gari.

Ilichukua miaka. Nilikuwa tayari mwalimu, nikisahihisha madaftari ya wasichana wa darasa la sita, mmoja wao ana chunusi mbili kwenye kipaji, ndipo yale maneno ya mama mbele ya wageni yaliponirudia yote, hata lile la darasa la sita. Mama alikuwa ameyasema mbele yangu, kwa sauti, katikati ya mengine. Nami katika yote yale nilikuwa nimesikia chunusi tu.