Ushauri Niliompa Mke wa Mchimba Dhahabu

Mimi ni mtu wa kusema. Mama yangu, aliyenizaa na kunivumilia, husema sijawahi kuona neno likipita nisilidandie. Kwa hiyo sishangai kwamba nilisimama katikati ya ukumbi uliojaa watu wa mji wetu wa Baraka nikampa ushauri mwanamke wa jukwaani. Ninachoshangaa ni kwamba rafiki yangu, aliyekuwa akijua yote, alinipeleka pale.

Kundi la maigizo ya nyimbo lilikuwa limetoka Uvira, likipita mji kwa mji kando ya ziwa. Wiki nzima kipaza sauti kilizunguka sokoni kulitangaza. Rafiki yangu ndiye aliyeng'ang'ania twende. Alinilipia kiingilio, akasema tuvae sare, kile kitenge tulichogawana siku ya Pasaka, ili watu wajue tumekuja wawili. Onyesho lilianza saa tisa alasiri, maana kwetu hakuna anayependa kurudi nyumbani gizani.

Hali yangu ilikuwa hivi. Mume wangu alikwenda Misisi kutafuta dhahabu, akaniachia watoto wawili na ahadi ya miezi sita. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu na simu yake haikupatikana. Mama alikuwa amenitumia neno kutoka Mboko kwamba nirudi nyumbani na watoto, shamba la mihogo lipo. Nilikataa. Mwanamke akifunga nyumba mume hajarudi, wakwe watasema yeye ndiye aliyevunja ndoa. Isitoshe nilikuwa bado nampenda, na habari zake nilikuwa nazo. Mimi nilianika ndagala, dagaa wa ziwani, rafiki yangu akazipeleka Misisi kwa pikipiki kuziuza, na kila aliporudi aliniletea salamu. "Bwana yako anakusalimia, yaya," alikuwa akisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Iko na kazi mingi, na kule rezo ya simu iko mubaya." Salamu hizo ndizo zilizonikalisha Baraka.

Pazia lilipofunguliwa nilisahau shida zangu zote. Gitaa lililia, vijana wakaingia na makoleo wakichimba kwa kucheza, na sakafu ya mbao ikatetemeka. Upande mmoja wa jukwaa mchimba dhahabu alikuwa akimbembeleza mtoto wa mke mpya. Upande wa pili mke wa kwanza alifagia uwanja na kuimba kwamba bwana yuko njiani. Alikuwa na sauti nzuri, Mungu amjalie, na watu waliguna kwa huruma.

Hapo kiongozi wa kundi akanyamazisha muziki. Ndiyo desturi yao: hadithi ikifika penye fundo, wanauliza watu, na anayetoa shauri zuri hupewa kipande cha sabuni.

"Bamama, bababa, mutusaidie," akasema. "Huyu mama aendelee kungoja ao arudi kwabo?"

Wanaume wa nyuma wakapiga kelele, "Angoje!" Hasira zikanipanda. Nikasimama. Rafiki yangu akanivuta nguo. "Yaya, ikala," akasema. Nikauondoa mkono wake.

"Arudi kwabo!" nikasema kwa sauti. "Bwana anazala kule, ye anafagia huku? Bantu bote banajua, ye peke yake njo hajui? Huyo mama iko mujinga!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Sabuni ikaletwa kutoka jukwaani, ikapita mikononi mwa watu hadi kwangu. Wanawake wa soko la samaki tu, walioketi mbele yetu, hawakupiga makofi. Waligeuka kunitazama, kisha wakatazama mapaja yao. Nilidhani wananionea wivu kwa ajili ya sabuni.

Muziki ukaanza tena. Mke wa jukwaani akachukua simu, akasogea karibu na ukuta wa majirani, akaanza kuzungumza na mumewe kwa sauti ya kusikika: ndiyo baba, watoto wazima, njoo salama. Katikati ya maneno simu ikaita, pale pale sikioni mwake. Watu walicheka hadi wengine wakaporomoka vitini. Mimi pia nilicheka, pumzi moja hivi.

Halafu nikaacha kucheka. Jambo lile lilikuwa limenitokea mimi mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya jiko langu, nikijifanya nazungumza kwenye simu ili mke wa jirani asikie kwamba mume wangu ananikumbuka, simu ikaita sikioni. Aliyepiga alikuwa rafiki yangu, amesimama kwenye uzio, ameniona. Siku ile aliniokoa. Alipaza sauti upesi, "Simu yangu inalia sana leo!" na jirani hakugundua kitu. Tulikumbatiana pale jikoni, nikalia, akaapa kwamba siri ile itazikwa naye. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu tulivaa naye nguo moja.

Nikamgeukia. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Ni we njo ulibaambia?"

"Balikuya soko kuuliza bamama hadisi za hapa," akasema. "Nikabapa."

"Ya simu?"

"Yote."

Yote. Ndipo nikakumbuka mchimba dhahabu na mtoto aliyekuwa akimbembeleza. Nikatamani nisiulize, lakini mimi ni mtu wa kusema.

"Na ule mutoto?"

"Iko na mwaka moja," akajibu. "Yaya, nilishindwa kukuambia na kinywa yangu. Nikasema heri uone mwenyewe."

"Na salamu ulikuwa unaniletea?"

Jukwaani walikuwa wakiimba wote pamoja na watu wakipiga makofi kwa mdundo.

"Salamu zilikuwaka zangu," akasema.

Nilitoka nikipita juu ya magoti ya watu. Jumatatu nilifunga nyumba, nikapanda gari la Mboko na watoto, kama nilivyomshauri yule mke mjinga mbele ya mji mzima. Mume wangu nimekwisha kumsamehe nusu. Wanaume wengi wamepotelea kule, naye si wa kwanza.

Rafiki yangu siwezi. Miaka yote ile kila mtu aliponiumiza, yeye ndiye niliyemkimbilia, nikakaa kwenye kigoda chake nikamwaga yote hadi moyo ukapoa. Hata jioni ile, baada ya kutoka ukumbini, nilitembea nikilia bila kutazama njia, na nilipofuta machozi nikajikuta mlangoni kwake, nimeinua mkono kupiga hodi, nimekuja kumweleza alichonifanyia rafiki yangu.