Hukuguswa Hata Kofi

Fundi viatu hakuwa mtu wa kusinzia kazini, na watu walimsifia hilo. Jua la mchana likilaza hata paka, yeye macho kodo, sindano inaingia na kutoka kwenye soli. Hawakujua kwamba hata kitandani ni hivyo hivyo.

Zamani baraza aliyoshonea viatu ilikuwa ya wawili. Yeye na Mrefu walikuwa chanda na pete: gundi moja, utani siku nzima. Kisha yakazuka makaratasi ya kuisema serikali, yakigawiwa kwa siri. Fundi akakamatwa, akaulizwa nani anayagawa. Hakupigwa. Aliwekwa tu kwenye chumba cha taa isiyozimwa, na kila akifumba macho askari aligonga mlango wa chuma kwa funguo zake. Mwishowe ukuta ukaanza kusema naye, na jina likamtoka: Mrefu.

Mrefu alikula mwaka jela. Aliporudi alibeba kiti chake, akahamia baraza ya ng'ambo, kwa kinyozi. Alimwachia maneno haya tu: "Wenzako walivunjwa meno wakanyamaza. Wewe hukuguswa hata kofi."

Fundi angejibu nini? Mwenye kidonda huonyesha kidonda. Yeye angeonyesha nini, kope?

Siku moja redio ya kinyozi ilikuwa na mjadala: kumnyima mtu usingizi ni mateso, au ni kumhoji kwa ukali tu? Bwana mmoja mwenye sauti nzuri akasema pasipo jeraha hapana mateso.

"Kweli kabisa!" kinyozi akacheka, wembe hewani. "Mama watoto kajifungua mapacha, huu mwezi wa tatu sijalala. Mbona sijamtaja mtu?"

Mteja wake alicheka mpaka akaambiwa atulie asije akapoteza sikio. Mrefu hakucheka, wala hakukataa. Ng'ambo, fundi aliinamia kiatu, masikio yanawaka. Alitaka neno moja tu kutoka kwa Mrefu, lolote. Halikuja.

Hapo akaja mama mwenye duka, ndala iliyokatika mkononi. Alipoona fundi ameinama hasikii, akagonga nguzo ya chuma kwa funguo zake. Ngo, ngo, ngo.

Fundi aliruka wima. Kiatu kikaanguka, mikono ikabana mapajani kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mrefu!" alipiga kelele, macho hayamwoni mtu. "Ni Mrefu! Nimeshasema, ni Mrefu!"

Kinyozi akazima redio. Taratibu fundi akarudiwa na akili, akaokota kiatu, akaketi.

"Samahani, mama. Lete ndala."

Mrefu akavuka barabara. Fundi hakuthubutu kuinua uso. Aliona viatu tu, na soli aliyoishona mwenyewe enzi zile. Akangoja ngumi.

"Mama," Mrefu akasema polepole, "hizo funguo tia mfukoni. Ukija hapa, mwite kwa mdomo."

"Kwani nimefanya nini, baba?"

"Tia tu mfukoni."

Akarudi ng'ambo, asimtazame rafiki yake. Lakini kinyozi alipotaka kuwasha tena redio, Mrefu aliweka mkono juu yake, akauacha hapo.

Fundi alishona ile ndala. Katikati ya kazi alisikia kope zinakuwa nzito. Akaogopa, akakaza macho.