Fensi Mpya ya Msumeno wa Baba

Nilipoenda mjini Machakos kuchagua jeneza la mama, nilimkuta fundi akipasua mbao ya saipresi. Mbao ikabanwa na msumeno, ikaanza kuungua. Harufu yake huwa tamu kidogo mwanzoni, kisha inakuwa kali kama ya sufuria iliyosahaulika motoni. Kaka yangu, niliyekuwa naye, alidhani nalia kwa sababu ya majeneza. Mimi nilikuwa nimerudi Kathiani, kwenye karakana ya baba, nikiwa msichana wa darasa la tatu.

Meza ya msumeno ya baba ilikuwa kuukuu hata siku aliyoinunua. Msumeno wenyewe ulichomoza katikati, na kando yake kulikuwa na fensi, yaani kile chuma kirefu ambacho mbao hukiegemea ikisukumwa ili ikatwe ikiwa imenyooka. Fensi yetu ilikazwa kwa bolti upande wa mbele tu. Nyuma ilikuwa huru. Mama alipoanza kusukuma mbao, ncha ile ya nyuma ilisogea polepole kuelekea msumeno, mbao ikabanwa, moshi ukatoka. Siku nyingine mbao ilirushwa nyuma kama imepigwa teke na punda.

Nasema mama kwa sababu ni yeye aliyesukuma. Baba alipima, akapiga randa, akaongea na wateja.

“Baba Mwende, hii fensi inacheza huko nyuma,” mama alimwambia mara nyingi.

“Ikicheza, wewe iimbie,” baba alijibu, na wateja wakacheka. Mimi pia nilicheka. Baba alikuwa mcheshi, siwezi kumnyima hilo.

Mama akatafuta blada, ule mpira unaokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, akaifunga ncha ya nyuma kwenye meza, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kwa muda mbao zilitoka safi, bila moshi. Halafu asubuhi moja akaja mteja wa kuagiza milango. Baba alipoiona blada, aliikata kwa patasi.

“Unanifungia mashini kama mzigo wa kuni? Huyu mgeni ataniona fundi wa aina gani?”

Mama aliokota vipande vya mpira, akaendelea na kazi. Mchana wa siku hiyo mbao ilibanwa, ikaruka, na mkono uliokuwa ukiisukuma ukaingia mahali ilipokuwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilianguka kwenye vumbi la mbao. Baba alimfunga mkono kwa leso yake mwenyewe, akamkimbiza hospitali.

Majirani walipokuja kumpa pole, baba aliwaambia kwamba mama hakuwa makini. Mama, akiwa ameupakata mkono kama mtoto mgonjwa, aliitikia, “Ni kweli. Ni mimi sikuangalia.” Nikaamini. Nilipomwaga maziwa au kupoteza kalamu, baba alinishika kidevu akanigeuza nimtazame mama. “Uone huo mkono. Huo ndio uzembe.” Mama alikuwa pale pale, akisikia, akichambua maharagwe kwa vidole vilivyobaki.

Kidonda kilipopona alirudi kusukuma mbao. Fensi ilikuwa ile ile.

Kazi ilipoongezeka, baba alimwajiri fundi kutoka Kithyoko, mwanaume mnene aliyeitwa Musembi. Siku yake ya kwanza Musembi aliishika fensi kwa nyuma, akaitikisa, ikatikisika. Akavua aproni aliyokuwa ndiyo kwanza ameivaa.

“Mzee, mimi hapa siweki mkono.”

“Unaogopa nini, kijana? Hata mama ya watoto anapasulia hapo!”

“Ndiyo,” Musembi alisema. “Nimeuona mkono wake.”

Baba alicheka, lakini alicheka peke yake. Kisha akavuka barabara kwenda kwa jamaa wa kuchomelea vyuma. Alirudi na bomba la pembe nne lililonyooka na reli mbili za chuma, moja ya mbele na moja ya nyuma. Walitoboa meza, wakafunga reli, wakapima nafasi kutoka kwenye msumeno mbele na nyuma mpaka zikalingana. Mama aliwashikia spana. Kabla ya chakula cha mchana fensi mpya ilikuwa imesimama.

“Mama Mwende, njoo ujaribu,” baba aliita, uso umemng'aa.

Mama aliisogeza, akaikaza, akaitikisa kwa nyuma kwa mkono ule wenye vidole vitatu. Haikusogea hata kidogo.

“Imechukua asubuhi moja?” aliuliza.

“Hata haikufika!” baba akasema kwa fahari.

Mama aliweka spana mezani, akajipangusa vumbi, akaenda kumpikia Musembi ugali. Baba alimwita mama baada ya kula, akamwita tena kesho yake. Lakini mama hakukanyaga karakana ile tena maisha yake yote.

Nilidhani amekasirika kwa kuwa mgeni amechukua kazi yake. Baba naye alidhani hivyo, akamtania kwa wivu huo mbele ya watu kwa miaka mingi, na mama akamwacha aamini hivyo. Nilikuwa nimeolewa na nina watoto wangu ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa amevumilia yote akiamini kwamba baba hakuwa na namna. Asubuhi ile alishika spana akatazama namna ilivyokuwa rahisi.