Wakwe Walipoinuka, Mimi Nilibaki Kitini

Kosa ni langu, jamani, msimtafute mwingine wa kumlaumu. Nalisema kwenu kwa sababu nyumbani hakuna tena wa kuniuliza.

Mimi ni balozi mstaafu. Naishi Luzira, upande wa ziwani, si ule wa gereza, ingawa siku hizi sioni tofauti kubwa. Maisha yangu ya kazi yalikuwa kupatanisha watu waliochukiana, na nilisifiwa sana.

Binti yangu alichumbiwa na kijana Mkongo anayeuza vitenge. Anaishi Kisugu na mjomba wake. Walikimbia vita kwao. Kijana mpole. Sikuwa na neno naye, kweli kabisa!

Siku ya utambulisho, mnajua, upande wa msichana hujifanya hauwajui wageni wa upande wa kijana. Wanataniwa, wanabembeleza, mnacheka, mnakula. Kazi hiyo hupewa msemaji mcheshi. Mimi nikamnyang'anya. Balozi mzima nisemewe nyumbani kwangu?

Wageni wakaingia na vikapu vyao, wakaketi. Nikakunja uso: "Hatuwatambui. Toeni vitambulisho. Nani kawaruhusu kuvuka?"

Eti nilikuwa natania!

Mjomba akavua kofia. "Mheshimiwa, makaratasi tunaulizwaka kila fasi. Hatukuwaza kama hata kwa wakwe kuko mupaka." Akainuka, na wenzake wote wakainuka.

Binti yangu akaninong'oneza, "Dadi, wafuate, bwana! Waambie ulikuwa unacheza tu."

Sikuwafuata. Kazini tulifundishwa kwamba anayeinuka mezani hurudi mwenyewe, tena akiwa amelainika. Nikaagiza chai. Wapishi wakauliza kama waepue matoke, nikawaambia wasubiri kidogo.

Hawakurudi. Binti yangu ndiye aliyewafuata, na gauni lake la gomesi na mapambo yote, mpaka Kisugu. Walifunga ndoa kanisani kwao, na habari nikazipata kwa jirani. Niliumia, lakini bado nilikuwa nawasubiri! Mjinga gani huyu?

Mjukuu alipozaliwa ndipo nilipokwenda kuomba radhi. Mjomba alinipokea vizuri mno, akanipa kiti na soda. Binti yangu akaja, akanisalimia, "Karibu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa! Mimi baba yake!

Mtoto nilionyeshwa kutoka mlangoni, amelala. Kisha nikashukuriwa kwa ziara yangu. Nimewahi kupokelewa hivyo na serikali zisizotutaka, kwa hiyo najua maana yake. Nililia ndani ya gari, na dereva akaongeza sauti ya redio.

Sasa naenda kila Jumapili baada ya kanisa. Soda haijawahi kukosekana.

Nyinyi wenye vyeo, siku ya wakwe mwachieni msemaji kazi yake. Na mtu akiinuka kwako ameumia, mkimbilie papo hapo, hata bila viatu, mbele za watu wote. Msingoje watoto waanze kusema. Mjukuu wangu ameanza juzi. Aliniona getini, akafurahi, akaita, "Mheshimiwa!"