Salamu ya Karatasi pale Kibirizi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba napenda katuni. Mgeni akinikuta sebuleni nimemkodolea macho mbuzi mwenye suruali anayepanda pikipiki, nasema rimoti imepotea. Nina shahada mbili na miwani ya kusomea. Mtu wa namna hiyo anategemewa kuangalia taarifa ya habari. Basi leo nakiri. Nazipenda, na nimewahi kumlilia kobe wa kuchorwa mpaka nikahitaji taulo.

Nilikuwa bado nakana siku dada yangu Mwamini aliponiita kwake Dar es Salaam akanituma Ujiji, mji tuliozaliwa, nikamrudishe binti yake Zaituni. Dada alikuwa amemtafutia kazi benki. Binti alikuwa amepanga chumba Ujiji anatengeneza katuni.

"Wewe ni msomi, atakusikia," Dada alisema. "Mwambie katuni ni za watoto."

"Nitamwambia," nikajibu, kwa sauti ya mtu mzima kabisa.

Ndani ya treni, mama tuliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza naenda Kigoma kufanya nini. Nikasema namfuata mtoto.

"Bado mdogo?"

"Ana miaka ishirini na sita."

Akanitazama, kisha akanikatia nusu ya chapati yake, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

Baada ya Uvinza nilianza kufanyia mazoezi hotuba yangu. Ilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho. Kigoma nilishuka nayo ikiwa kamili.

Ujiji hotuba ilinishinda mlangoni kwa Zaituni. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, na kabla macho hayajazoea giza nikasikia, "Shikamoo, mama mdogo. Usikanyage ziwa!"

Ziwa lilikuwa nailoni ya buluu sakafuni. Ukingoni mwake alisimama mwanamke wa udongo, mrefu kama chupa ya soda, mwenye mifupa ya waya. Zaituni alimsogeza mguu kidogo sana, akampiga picha kwa simu iliyofungwa kwenye kigoda, akamsogeza tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha kumi na mbili. Dirisha likiachwa wazi, wingu moja likapita, mwanamke anaonekana kama anapigwa na radi. Hotuba yangu ikabaki kwenye mkoba.

Alinionyesha na njia nyingine. Kuna kuchora kwa mkono, karatasi juu ya karatasi, kioo chenye taa kikiwa chini, ili mchoro wa pili utofautiane na wa kwanza kwa unywele tu. Njia hiyo ndiyo inayojua maji. Mawimbi yake yalinitia kichefuchefu cha kweli. Kuna kompyuta, ambamo unampa mtu wako mifupa, unamweka mkao wa kwanza na wa mwisho, yenyewe inakisia ya katikati. Na kuna watu wa karatasi, waliokatwa vipandevipande na kuunganishwa kwa pini kwenye viwiko na magoti, wanalazwa mezani na kusogezwa kwa kidole. Hao ni wepesi kuliko wote, ila hawajui kugeuka. Maisha yao yote wanakuonyesha shavu moja.

"Na yule wa udongo ni wa nani?" nikauliza.

"Wa kikundi cha akina mama wa dagaa kule ufukweni Kibirizi, ndio walioagiza filamu. Wanataka wenzao waache kuanika dagaa mchangani, waanike juu ya vichanja. Wakiikubali filamu, nabaki. Wakiikataa, nafungasha tunaondoka wote. Sawa, mama mdogo?"

Nikasema sawa, nikimwombea ashindwe. Angalau nilijaribu kumwombea hivyo.

Kibirizi, asubuhi iliyofuata, wanawake walijipanga mbele ya simu kama wanaopiga picha ya harusi. Mwanamke wa udongo akatokea ufukweni, akanyoosha kidole: "Dagaa wa mchangani wanaharibu jina letu!"

"Simamisha," akasema Mama Sikujua, mwenyekiti wa kikundi. "Huyu ni nani?"

"Ni mfano tu, mama."

"Mfano wa nani? Amekuta watu kazini, hakusalimia, anatunyooshea kidole!"

"Atakuwa katoka Dar huyo," akadakia mwenye beseni kichwani, na wote wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimewapungia mkono kwa mbali nikadhani nimesalimia.

Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Ilibaki kukata tiketi mbili. Badala yake nikajisikia nikiuliza, "Salamu haiwezi kuingizwa?"

"Ya huku?" Zaituni alikuwa karibu kulia. "Wanainama, wanapiga makofi polepole, wanaulizana habari za nyumba nzima. Hiyo peke yake ni filamu."

"Basi iwe filamu," akasema Mama Sikujua. "Dagaa watasubiri. Mrudi nayo kabla mgeni hajapanda treni."

Tuliporudi Ujiji tukaanza kuhangaika. Vidole vya udongo vilipasuka kwenye kofi la tatu. Kuchora kungetufikisha mvua nyingine. Kwenye kompyuta mikono ilipita ndani ya mikono kama ya mizimu, halafu umeme ukakatika, nikashukuru. Zikabaki karatasi. Nilipozilaza mbili mezani nikanung'unika kwamba hazifai, zinatazamana tu kama watu wanaodaiana.

Zaituni akainua macho. "Mama mdogo, watu wakisalimiana wanatazama wapi?"

Tukawavisha vitenge vya karatasi. Mimi nilipewa kusogeza mikono. Nasogeza, naondoa wangu, anabonyeza simu. Nilipiga chafya mara moja tu, wanawake wote wawili wa karatasi wakapeperukia Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Kibirizi kwa mara ya pili, simu iliwekwa juu ya kreti. Mwanamke wa karatasi akainama, akapiga makofi, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye!"

"Mwakeye!" akaitikia yule mwenye beseni, akainama bila kufikiri, dagaa wakamwagika. Walicheka mpaka tukarudia filamu toka mwanzo. Safari hii walisikiliza na sehemu ya vichanja, hadi mwisho.

"Huyu sasa ana kwao," akasema Mama Sikujua.

Nilipanda treni peke yangu. Njiani nilipanga nitakachosema: kwamba udongo unampa mtu uzito na mchoro unampa maji, kwamba kompyuta haichoki na karatasi inajua kumtazama mwenzake, na kwamba hakuna hata moja kati ya hizo niliyoiona ikiwa ya watoto. Dada alikuwa hajakubali sharti lolote la Zaituni. Nilijua hayo yote hayatamtosha.

Tabora simu ikaita.

"Yuko wapi?"

"Ujiji, Dada."

"Nimekiona hicho kitu alichonitumia. Mkono wa kushoto unachelewa."

"Mkono gani?"

"Wa yule mwenye kitenge chekundu. Nimerudia na kurudia, kofi la pili mkono wa kushoto unachelewa. Wapi umemwona Muha anasalimia hivyo?"

Mkono ule niliusogeza mimi, lakini sikuona haja ya kuchanganya mambo. Nikasema labda akishaanza benki hatapata nafasi ya kuurekebisha.

"Huku Dar nani atamwonyesha? Mwambie akakae na akina mama, awaangalie vizuri, arekebishe hukohuko. Benki nitawaambia mwenyewe."

Akakata simu.