Kitu Alichodondosha Baba

Juzi nilimgombeza binti yangu kwa kosa langu mwenyewe, nikaikumbuka alasiri moja kwetu Mpui.

Baba alikuwa amenichapa mbele ya watu, akisema nimepoteza jembe la shamba la ujamaa. Msimu ulipogeuka tukabomoa matuta tulimofukia majani yaoze. Harufu nzito ya udongo ikapanda. Katika tuta alilolifunika baba mwenyewe, jembe lake likagonga chuma. Kumbe ni lile jembe lililopotea.

Akavua kofia, akapiga magoti mbele yangu.

“Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe.”

Sikuwa nimeona mtu mzima akipiga magoti nje ya kanisa. Nikadhani amedondosha kitu, nikainama kumtafutia. Alicheka huku machozi yakimtoka, akanikumbatia.

Juzi nami nilipiga magoti. Binti yangu akachungulia sakafuni.

“Baba, umedondosha nini?”